Muuza mbegu, kwa nini hukuniambia kama feskyu yako ina kuvu?

Wakuu, nina hasira, na mtanisamehe nikirefusha. Nilinunua mbegu ya feskyu ndefu kwa ajili ya malisho. Kwenye mfuko wameandika ni nyasi ya kudumu, inahimili ukame, inakanyagwa haifi. Yote kweli. Ila lile ambalo mfugaji anatakiwa kulijua kabla ya yote hawakuliandika popote: mbegu ina kuvu au haina?

Kwa asiyeijua, feskyu ndefu asili yake ni Ulaya, kaskazini mwa Afrika na magharibi mwa Asia, kwenye mabonde yenye unyevu na kingo za mito. Inaota kwa mashina yaliyosongamana na mizizi yake inazama chini sana, ndiyo maana inapandwa kwenye miteremko na mifereji ili kushika udongo. Viwanja vya michezo navyo vinaitumia. Mimi niliihudumia inavyotakiwa. Nililainisha udongo, nikafukia mbegu sentimita moja tu, kilo 20 hivi kwa hekta. Sikuingiza mnyama mpaka nilipovuta jani kwa mkono likakatika, shina likabaki limeshikilia ardhini. Shamba lilipendeza, mtu unasimama unaliangalia tu.

Joto lilipoanza ndipo nilipoona cha moto. Saa sita mchana ng'ombe wote wamesimama kwenye tope la kando ya bwawa, hawali, ndimi nje, mate yanachuruzika, mbavu zinapanda na kushuka kama wametoka kukimbizwa. Manyoya ya msimu wa baridi yaligoma kudondoka, yakabaki yamesimama ovyo mgongoni. Maziwa yakapungua. Nikampigia aliyeniuzia, akasema ni minyoo. Nikanunua dawa ya minyoo, nikawanywesha wote, hakuna kilichobadilika. Nikapiga tena, akasema siwapi maji ya kutosha. Maji! Wakati wanashinda wamesimama ndani ya maji!

Baridi iliporudi, mtamba wangu mmoja akaanza kuchechemea mguu wa nyuma. Niliinama nikaona ngozi juu ya kwato imevimba na kuiva wekundu. Nikaweka kiganja chini yake, pa baridi kabisa. Baada ya siku kadhaa ncha ya mkia ikakauka. Daktari wa mifugo alipofika aliangalia mguu, akaangalia shamba, akaniuliza swali moja: "Hii feskyu ulipanda mbegu gani?"

Ndiyo nikaelezwa. Kuvu hiyo, ambayo wataalamu wanaiita endofaiti, inaishi ndani ya nyasi, kwenye nafasi kati ya seli moja na nyingine za jani na shina. Kwa macho huioni, nyasi inaonekana nzima kabisa. Inatengeneza sumu inayoitwa ergovalini, na sumu hiyo inabana mishipa ya damu. Wakati wa joto mnyama anashindwa kutoa joto mwilini. Wakati wa baridi damu haifiki miguuni, mkiani wala masikioni, nyama inakufa akiwa hai. Farasi jike mwenye mimba ndiyo usiseme: mimba inapitiliza, kondo la nyuma linakuwa nene, na mtoto akizaliwa anakuta kiwele kikavu. Ndiyo maana wanaojua wanamtoa kwenye malisho haya siku 60 hadi 90 kabla ya kuzaa.

Kinachoniuma ni kwamba hili si jambo geni. Mbegu maarufu ya feskyu ndefu iitwayo Kentucky 31 ilitokana na nyasi zilizokutwa mlimani huko Kentucky, Marekani, mwaka 1931, ikaanza kusambazwa 1943. Ilienea sana, na malalamiko ya ng'ombe kuchechemea na kukonda yakaifuata. Mwaka 1977 watafiti wa jimbo la Georgia, huko huko Marekani, wakaonyesha uhusiano wake na kuvu. Tangu 1977! Leo zipo mbegu zisizo na kuvu, na zipo zenye kuvu iliyochaguliwa isiyotoa sumu hii lakini bado inailinda nyasi dhidi ya ukame na wadudu. Tena kwenye mbegu za bustani na viwanja, kuvu inabakizwa makusudi na wauzaji wanaitangaza kama sifa! Kwa hiyo kuipima wanajua, na kuiandika wanajua.

Halafu muuzaji ananiambia labda kuvu imetoka shamba la jirani. Hapana. Kuvu hii hairuki na upepo wala haihami kutoka shina hadi shina. Inasafiri ndani ya mbegu. Nilikata mashina chini kabisa, sehemu mbalimbali za shamba, nikapeleka maabara, na mengi yamekutwa nayo. Yaani niliinunua humo humo mfukoni.

Kwa sasa nafyeka kabla ya kuchanua kwa sababu sumu inajaa zaidi kwenye masuke, nimepunguza mbolea ya naitrojeni kwa kuwa nayo inaiongeza, na nimechanganya klova, mmea wa malisho wa jamii ya kunde, ili ng'ombe wasile feskyu tupu. Kukausha majani hakuondoi sumu yote, msidanganyike. Mwisho wa yote itabidi niue shamba zima kwa dawa, nipande zao la msimu, nipige dawa tena, ndipo nianze upya na mbegu nyingine.

Nataka wauzaji waandike mambo mawili tu kwenye mfuko: kuvu ipo au haipo, na kama ipo ni ya aina gani. Na wewe mwenye mfuko stoo usio na maneno hayo, usipande. Chukua mbegu kidogo upeleke zikapimwe kwanza. Mtamba wangu hadi leo hasimami vizuri.