Naomba ushauri: Levitan na mandhari ya Urusi

Habari zenu wakuu. Naandika insha kuhusu uchoraji wa mandhari Urusi karne ya 19, nimekwama kwa Isaac Levitan. Mchoro wake "Vladimirka" wa 1892 ni barabara ya udongo tu, vijia vya miguu pembeni, wingu zito, na mwanamke mmoja mdogo kwa mbali. Ndiyo njia waliyopitishwa wafungwa kwenda Siberia. Warusi wengi wanaiona nchi yao humo. Lakini mwaka huohuo Levitan alifukuzwa Moscow kwa sababu ni Myahudi! Jambo hili linaniuma sana. Je, nianze na mwalimu wake Savrasov, aliyechora kunguru waliorejea theluji ikiyeyuka mwaka 1871, au niingie moja kwa moja kwenye kufukuzwa? Mliosoma sanaa, naombeni mwongozo.