Naomba ushauri: nikichochea vipokezi vya NMDA, kadherini inakatwa kweli au seli zinakufa?

Habari zenu wakuu. Wenye uzoefu wa seli za neva, naombeni msaada.

Nakuza niuroni (seli za neva) za hipokampasi, sehemu ya ubongo, kisha nazichochea kwa NMDA, kemikali inayoamsha vipokezi vya jina hilohilo. Nafuatilia N-kadherini, ile protini inayoshikanisha pande mbili za sinepsi, yaani maungio ya niuroni. Natumia kingamwili inayoshika mkia wake wa ndani ya seli. Kwenye jeli inayotenganisha protini kwa ukubwa, mstari wa protini nzima, karibu kilodaltoni 130, unafifia, na chini yake unaibuka mwingine karibu 40. Ukubwa huo unalingana na kipande kinachobaki kimeng'enya ADAM10 kikishakata sehemu ya nje.

Furaha yangu haikudumu. NMDA ikizidi huingiza kalsiamu nyingi mno na kuua niuroni, na seli inayokufa huvunja protini ovyo. Jana kwenye hadubini niliona matawi ya baadhi ya seli yamevimba kama shanga kwenye uzi. Hapo usingizi ukaniruka.

Nimeshaweka sahani yenye AP5 ya kuziba vipokezi, na mstari wa 40 ukapungua. Lakini hilo halinisaidii, maana AP5 ingezuia vifo pia!

Mwenzangu ananishauri niondoe kalsiamu kwenye maji yanayozizunguka seli. Mimi naona ni mtego: kadherini zenyewe hushikana kwa kutegemea kalsiamu hiyohiyo.

Je, nianze na kizuizi cha ADAM10, au nipunguze kwanza dozi na dakika za kuchochea? Na vifo mnavipimaje sambamba, kwenye sahani ileile?