Re: Kutuma pesa nyumbani "bila ada"

> Shikamooni wakubwa. Nimeona kampuni inatangaza kutuma pesa nyumbani bila ada kabisa. Kuna anayeijua? Nihamie huko?

Marahaba, mdogo wangu. Kabla hujahama, tazama kiwango cha kubadilishia fedha. Kampuni inaweza kufuta ada na bado ikala kwenye kiwango: soko linasema hivi, wewe unapewa pungufu, na ile tofauti ndiyo faida yao. Waulize hivi tu: nikitoa kiasi hiki, mpokeaji atashika kiasi gani mkononi? Uliza kampuni mbili tatu saa ile ile, maana viwango havitulii. Benki ya Dunia ina tovuti inayolinganisha gharama hizi nchi kwa nchi. Lengo la Umoja wa Mataifa ni zishuke chini ya asilimia 3 ifikapo 2030, na wastani wa dunia bado ni kama mara mbili ya hapo.

Ila mimi sichagui tena kwa bei peke yake. Mwaka juzi nilituma pesa za matibabu ya mama, jina la mpokeaji likakosewa herufi moja. Zikakwama siku nne. Kila nikipiga simu naambiwa nisubiri, na huku ndugu yangu amesimama dirisha la malipo hospitalini. Na kampuni hiyo ndiyo iliyokuwa na bei nafuu kuliko zote.

Sasa natumia wakala mdogo. Siku ya kwanza yule dada aligeuza kikokotoo upande wangu nione anachokata. Kisha akauliza kama pesa ni za haraka, kwani zikipokelewa benki badala ya taslimu makato yanapungua. Alijipunguzia faida mbele ya macho yangu! Akanisomea jina la mpokeaji herufi kwa herufi ndipo akabonyeza. Sijahama tangu siku hiyo, na wenzangu kadhaa nimeshawapeleka.

Wewe anza na kiasi kidogo, na uwapigie simu kabla hujapata shida. Risiti na namba ya muamala usitupe.

> Ahsante sana dada. Jana usiku nimepiga hesabu: hao wa "bila ada" wangempunguzia mama zaidi ya hawa ninaowalipa ada. Simu yao nayo imeita mpaka ikakatika. Nabaki nilipo.