Kodi ya majengo kwenye LUKU: mpangaji wa Unga Limited anakatwa sawa na mwenye jumba la Njiro

Ndugu wanajukwaa,

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira. Juzi nilinunua umeme wa LUKU, yaani wa kulipia kabla, wa shilingi 5,000 kwa nyumba tunayopanga hapa Unga Limited, Arusha, kaya nne kwenye mita moja, na kabla ya kupata uniti hata moja ikakatwa 1,500 ya kodi ya majengo. Kodi hiyo kisheria ni ya mwenye jengo. Nilipompigia mwenye nyumba kumwomba aipunguze kwenye pango, alinijibu kwamba kama sitaki kukatwa, nihame.

Lakini kinachoniumiza zaidi ni kiwango chenyewe. Kodi hii ilipohamishiwa kwenye mita mwaka 2021, nyumba isiyo ya ghorofa ilitozwa 1,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 ikapandishwa hadi 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka. Ghorofa zina kiwango chake. Nyumba zote za chini, hata hivyo, zimewekwa kwenye kapu moja: hii yetu ya vyumba vinne na choo kimoja cha nje, ambacho masika hufurika hadi mlangoni, na jumba la Njiro lenye vyumba sita, geti la umeme na kisima chake, zote ni 1,500. Mwenye jumba lile haihisi pesa hiyo, ilhali kwetu ni unga wa siku nzima.

Tukienda kulalamikia mtaro ulioziba tunaambiwa fungu hakuna. Diwani tunamjua, mwenyekiti wa mtaa tunamjua, lakini tangu mwaka 2016 ukusanyaji wa kodi ya nyumba zetu uliondolewa kwenye halmashauri ukapelekwa serikali kuu, kwa hiyo wale tunaoweza kuwabana kuhusu mtaro sio wanaoikusanya.

Asiniambie mtu kwamba kutofautisha nyumba ni kazi isiyowezekana. Freetown, mji mkuu wa Sierra Leone, nchi isiyotuzidi utajiri, mwaka 2020 ilianza kuzipa nyumba alama kwa kuangalia ukubwa, mahali zilipo na ubora wake, ikitumia hata picha za setilaiti, na wenye majumba wakapandishiwa huku wenye vibanda wakipunguziwa. Bogotá, nchini Colombia, makazi yamepangwa katika matabaka sita, na wa tabaka la tano na la sita huongezewa bili ya maji ili wa chini wapunguziwe. Sisi tuna mita kila nyumba na namba ya nyumba ukutani, tunashindwa nini?

Naomba wapangaji wa Ngarenaro, Sombetini na Daraja Mbili mnijibu hapa: yupo aliyefanikiwa kurudishiwa pesa hii na mwenye nyumba, na alitumia maandishi gani? Nakusanya risiti za miezi yote ya mwaka huu, na nitazipeleka kwenye mkutano ujao wa mtaa.