Mitego imeongezeka baada ya kuongeza doria: tupime vipi mafanikio?

Mlinda Nyika

Wakuu, salaam. Naomba msaada wa wanaoijua kazi hii. Programu ya kuzuia ujangili ninayoisimamia imeongeza doria za miguu maradufu. Mwaka wa kwanza askari walitembea km 800 wakang'oa mitego ya waya 120. Mwaka uliofuata walitembea km 1,600 wakang'oa 180. Wafadhili wameiona hiyo 180 na wanasema ujangili umepanda. Upande wa utawala wanataka tuonyeshe idadi ya watuhumiwa waliokamatwa, kwa sababu imeongezeka na inapendeza kwenye ripoti. Mimi naona namba zote mbili zinapotosha. Zaidi ya hapo, kesi nyingi zinakufa mahakamani, na sasa tunatakiwa kutoa takwimu zitakazoingia kwenye taarifa za CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Nianze na lipi?

Ramani na Nyayo

Ndugu, anza kwa kugawanya. Mitego 120 kwa km 800 ni mitego 15 kwa kila km 100. Mitego 180 kwa km 1,600 ni 11.25. Kwa kipimo hicho kiwango kimeshuka kwa robo. Lakini usikimbilie kusherehekea, kwa maana kugawanya ni hatua ya kwanza tu.

Angalia hizo km 800 za nyongeza zilitembewa wapi. Kama zilikwenda kwenye maeneo ya ndani ambako majangili hawafiki, wastani utashuka hata kama mpakani hali imekuwa mbaya zaidi. Gawa hifadhi kwa gridi ya km 5 kwa km 5, kisha linganisha mraba na mraba wake ule ule, na msimu na msimu ule ule. Majani yakiwa marefu mitego haionekani, kwa hiyo ukilinganisha masika na kiangazi utapata jibu la uongo.

Tenganisha pia aina za doria. Ya gari isichanganywe na ya miguu. Doria iliyotumwa baada ya taarifa ya siri isichanganywe na ya kawaida, maana ile imepelekwa mahali ambapo mtego unajulikana upo. SMART, programu ya kompyuta ya kutunza kumbukumbu za doria, ina sehemu ya kujaza aina ya doria na aina ya usafiri; wengi huiacha wazi, halafu mwisho wa mwaka takwimu hazichambuliki tena.

Kwa kila mtego andika: mpya au wa zamani (waya unaong'aa au wenye kutu, matawi yaliyokatwa bado mabichi au yamekauka), uko tupu au una mnyama, nyaya zilikuwa ngapi kwenye mstari mmoja. Mstari wa mitego 40 ni tukio moja, si matukio 40. Ukihesabu nyaya peke yake, mstari mmoja mrefu unaweza kupindua takwimu za mwezi mzima.

La mwisho ambalo wengi hawalifanyi: pimeni uwezo wenu wa kuona. Tegeni mitego 50 isiyoweza kufunga, kila mmoja na alama yake ya GPS, kisha tumeni kikosi ambacho hakijui iko wapi. Wakirudi na 15, mnaona asilimia 30. Siku hiyo hiyo ng'oeni yote iliyobaki na muihesabu. Rudieni masika na kiangazi. Matokeo huwa yanashtua, kwa sababu waya uliofungwa kichakani mtu anaupita kwa hatua mbili bila kuuona.

Kielelezo Namba Moja

Kuhusu kesi kuanguka: mara nyingi tatizo limeshazaliwa ndani ya saa ya kwanza, kabla mwendesha mashtaka hajaliona jalada.

Askari akikuta pembe au nyama, asiguse kwanza. Apige picha ya eneo zima, kisha ya karibu ikiwa na rula pembeni, achukue alama ya GPS na saa. Baada ya hapo mtu MMOJA ndiye anayekamata kielelezo, anakipa namba, anakifunga kwa lakiri na kujaza hati ya kukamata mali. Mtuhumiwa anasaini, na shahidi asiye askari anasaini akipatikana. Askari watano wakishika pembe moja kwa zamu, wakili wa utetezi atawaita wote watano, na maelezo yao hayatalingana.

Kuanzia hapo kila makabidhiano yawe na majina mawili, saini mbili, tarehe na saa. Pengo la usiku mmoja ambao hakuna anayejua pembe zililala wapi linatosha kuua kesi nzuri kabisa.

Pembe za tembo zipimwe moja moja: uzito, urefu, mzunguko wa shina, na namba iandikwe kwa wino usiofutika juu ya pembe yenyewe. Andika mzani uliotumika na tarehe ulipohakikiwa. Pembe mbichi hupungua uzito kadiri inavyokauka, basi ukipima tena baada ya miezi, eleza tofauti hiyo kwenye kumbukumbu. Usifute uzito wa kwanza.

Nyama huoza kabla kesi haijaanza. Chukua sampuli ndogo uiweke kwenye ethanoli ya asilimia 95, au ikaushe kwa jeli ya silika. Formalini usitumie, inaharibu vinasaba na maabara haitaweza kuthibitisha ni mnyama gani. Nyama iliyobaki iombewe amri ya mahakama ya kuiteketeza, mtuhumiwa akiwepo, na picha zipigwe. Kuna vikosi huzika nyama kwa kuhofia harufu, kisha wanashangaa kwa nini kesi imefutwa.

Simu ya mtuhumiwa: ikatwe mtandao, ifungwe kwenye mfuko wenye lakiri, saa iandikwe. Askari asiifungue kuperuzi meseji. Humo ndimo linamopatikana jina la mnunuzi, na mnunuzi ndiye anayeendesha biashara yote. Ukimfunga mbeba mzigo peke yake, wiki inayofuata atapatikana mwingine.

Mkataba na Mipaka

Naongezea upande wa kimataifa. CITES ilisainiwa 1973, ikaanza kutumika 1975, na yenyewe haimshtaki mtu yeyote. Ibara ya 8 inazitaka nchi wanachama ziweke adhabu na kutaifisha mali, kwa hiyo meno ya mkataba yako ndani ya sheria ya nchi. Angalia kifungo cha juu kinachotajwa na sheria yenu. Chini ya mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya uhalifu wa kupangwa unaovuka mipaka, kosa huwa "kubwa" likiwa na kifungo cha juu kisichopungua miaka 4. Likiwa chini ya hapo, kuomba ushirikiano wa nchi nyingine kupitia mkataba huo kunakuwa kugumu sana.

Kwa tembo, takwimu zinazotafutwa ni za mizoga. MIKE, mpango wa CITES wa kufuatilia uuaji haramu wa tembo, hutumia kipimo kiitwacho PIKE: mizoga ya waliouawa kinyume cha sheria, gawanya kwa mizoga yote iliyoonekana. Mizoga 20, tisa ya ujangili, PIKE ni 0.45. Ikizidi 0.5, wanaouawa na majangili ni wengi kuliko wanaokufa kwa sababu nyingine zote zikijumlishwa. Ila jihadharini na mwaka wa ukame: tembo wengi wakifa kwa njaa PIKE inashuka, hata kama majangili hawajapunguza risasi hata moja.

Kosa kubwa liko kwenye kujaza chanzo cha kifo. Kama hamjui, andikeni "haijulikani". Msiandike "kifo cha kawaida" ili fomu ijae. Pembe kukosekana si ushahidi tosha wa ujangili, kwani mpita njia anaweza kuzichukua kwa tembo aliyekufa mwenyewe. Tafuteni risasi kwa kigunduzi cha chuma, angalieni kama uso umechanjwa kwa shoka, na andikeni umri wa mzoga.

Ukamataji nao una ripoti yake ya biashara haramu, ambayo kila nchi huipeleka CITES ifikapo 31 Oktoba ikieleza mwaka uliotangulia. Kwa hiyo daftari lenu liwe na spishi, aina ya bidhaa, kiasi na kipimo, mahali, njia ya usafirishaji, jinsi ilivyofichwa, nchi za asili, kupitia na kwenda, na hatima ya kesi. "Vipande 12 vya pembe" bila kilo, na bila kusema ni ghafi au vilivyochongwa, ni taarifa nusu. Shehena ya pembe ikifika kilo 500 au zaidi, nchi zinahimizwa kuchukua sampuli za vinasaba ndani ya siku 90, kwa ajili ya kujua tembo walitoka eneo gani. Kila ghala linalochelewa linawapa majangili wa eneo hilo muda zaidi.

Mlinda Nyika

Nashukuru sana wakuu, nimepata pa kuanzia. Swali moja limebaki: kuna pendekezo la kuwapa askari bonasi kwa kila mtego watakaoleta. Mnasemaje?

Ramani na Nyayo

Usikubali. Ukilipia waya utaletewa waya, hata ule ambao haujawahi kutegwa, na takwimu zote tulizozungumza hapo juu zitakuwa zimeharibika. Ukilipia watuhumiwa, utaletewa waokota kuni. Kama bonasi lazima iwepo, ifungwe kwenye kazi inayoweza kuhakikiwa: doria iliyokamilika kwa njia iliyopangwa kwa mujibu wa rekodi ya GPS, fomu zilizojazwa kamili, na majalada yaliyopokelewa na mwendesha mashtaka bila kurudishwa. Igawiwe kikosi kizima kwa usawa.

Malipo ya watoa taarifa yawe na bajeti na daftari lake. Tumieni namba za siri badala ya majina, maofisa wawili wasaini kila malipo, na fedha itoke baada ya taarifa kuthibitishwa. Daftari linalounganisha namba hizo na majina halisi likae kwa mtu mmoja, nje ya kompyuta yenye SMART.