Naombeni ushauri: msitu wa mvua, nilitembea masaa 6 sikuona kitu

Mama_Kipepeo: Wakuu habari zenu. Mwezi ujao narudi msitu wa mvua siku 4, safari hii naenda na mwanangu wa miaka 11, anapenda wadudu na ndege kupita maelezo. Mara ya kwanza nilienda na kikundi tukatembea masaa 6, nikaambulia mkia wa kima unapotelea kwenye majani basi, nikarudi nimenyong'onyea kwa kweli na sitaki mtoto naye yamkute hayo. Nyie mnaowaona wanyama mnafanyaje? Na darubini nichukue ipi?

Mzizi_Mrefu: Pole dada. Huko kutembea ndio kulikowaponza. Msitu sio mbuga, huoni mbali, halafu wanyama wengi wanaishi juu huko mita 30 na zaidi, chini mnapopita nyie mwanga wa jua unafika asilimia kama 2 tu. Muulizeni mwongozaji ni mkuyu gani una matunda yaliyoiva saa hizi, mfike alfajiri mkae kimya hata saa nzima. Mikuyu haizai yote kwa mpigo, kila mti na wakati wake, kwahiyo matunda mengine yakiadimika kima na ndege wanakimbilia hapo. Ukiona majani yanatikisika na upepo hakuna, inua macho taratibu. Na mwanao mpasulie tunda moja lililoanguka, maua yake yako humohumo ndani, akibahatika atakuta na vinyigu vidogo kuliko punje ya mchele, hao ndio wanaoyachavusha. Wangu alikaa na lile tunda mkononi mpaka tunaondoka.

Jicho_Kali: Darubini 8x42, hiyo 8 ni kwamba inakuza mara 8. Achana na hizo za kukuza mara 12, mkono ukitetemeka kidogo tu ndege haonekani, na kule kuna giza, hiyo 42 ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita ndio kinaingiza mwanga. Hakikisha inaona vizuri hata kitu kilicho mita 2, mtoto ataifaidi kwa vipepeo.

Popo_wa_Jioni: Mkuu Mzizi yuko sahihi ila mmesahau usiku, na mimi naona usiku ndio shule yenyewe! Tochi ishike kando ya jicho, mulika majani polepole, utaona vinukta vinametameta kama umande, sogea uangalie, ni macho ya buibui. Kama huo msitu una vinyonga ndio rahisi kabisa, wakilala rangi inapauka, unamkuta kwenye ncha ya kitawi mkia umejikunja. Tafadhali msiwamulike muda mrefu. Na chura asimshike, ngozi yake inafyonza vitu, dawa ya mbu mliyojipaka inaweza kumdhuru.

Jicho_Kali: Nyongeza, kwenye misitu ya Afrika mkisikia ndege wengi wanapiga kelele chini chini karibu na ardhi, huenda wanafuata siafu, wanadaka panzi na mende wanaokimbia msafara. Simameni pembeni, suruali ndani ya soksi.

Mama_Kipepeo: Jamani asanteni sanaaa, hilo la mkuyu nimeshamsimulia na anauliza tunaondoka lini. Ila giza analiogopa, nifanyeje?

Popo_wa_Jioni: Usimlazimishe. Kaeni chini, mshike mkono, zimeni tochi dakika 2 tu kwanza, kesho yake 5. Macho yakizoea mwambie aangalie magogo yaliyooza, kuna misitu ina uyoga unaotoa mwanga wa kijani hafifu, na ukiwasha tochi hauuoni.