Kikundi cha Ibada ya Familia: Somo la Jumamosi

ALHAMISI

Dada Tumaini, saa 12:40 jioni
Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu. Somo letu la Jumamosi ni vyombo vya hema ya kukutania, ile hema ya ibada ya Waisraeli jangwani, na nimekwisha kugawa kazi: Kaka Yoeli atafundisha birika la shaba, Mama Mdogo kinara cha taa, nami nitachukua meza ya mikate ya wonyesho, ile mikate 12 iliyopangwa safu mbili mbele za Bwana kila sabato. Naomba kila mmoja athibitishe usiku huu, kwa maana wageni wa Baba Mkubwa nao watakuwepo.

Dada Tumaini, saa 2:15 usiku
Naona ujumbe umesomwa na watu 19, wala hakuna aliyejibu.

Dada Tumaini, saa 2:31 usiku
Basi naanza mwenyewe. Kaka Yoeli, usiiruke Kutoka 38:8. Birika lilifanyizwa kwa vioo vya wanawake waliokuwa wakitumika mlangoni pa hema. Kitu walichojitazamia nyuso ndicho kilichogeuka kuwa mahali ambapo kuhani Haruni na wanawe walinawa mikono na miguu kabla ya kuingia, wasije wakafa. Sisi tunaokimbilia kuhudumu bila kutakaswa tuna la kujifunza hapo.

Yoeli, saa 3:02 usiku
Nimeona, dada. Naomba kujua tu kama makuhani walipanga foleni kama tulivyopanga sisi kwenye bomba la Shangazi siku ile ya arusi.

Shangazi, saa 3:10 usiku
Bomba langu liliwatosha wote, na ankara niliilipa peke yangu. Mimi napendekeza tusome Walawi 6:28, ambapo chombo cha udongo kilichopikiwa nyama ya sadaka ya dhambi kilivunjwa, na cha shaba kikasuguliwa na kuoshwa kwa maji. Tukishasoma, aliyeondoka na sufuria la shaba la marehemu Mama baada ya matanga atueleze kama analisugua.

Baba Mdogo, saa 3:14 usiku
Dada yangu, jambo hilo lilikwisha kuzungumzwa mbele ya wazee.

Shangazi, saa 3:15 usiku
Lilizungumzwa. Halikuamuliwa.

Dada Tumaini, saa 3:16 usiku
Jamani, tubaki kwenye somo.

Neema, saa 3:40 usiku
Shikamooni. Naomba tuwe waangalifu tusifanye kila pete na kila kitako cha hema kuwa fumbo la Kristo, kwa sababu mahali pengine Agano Jipya lenyewe limekwisha kutufungulia. Yesu anajiita mkate wa uzima katika Yohana 6, lakini vile vinara saba vya Ufunuo 1:20 ni makanisa, naye Kristo yuko katikati yake. Kinara cha Musa nacho kilifuliwa kwa talanta moja ya dhahabu safi, matawi yote sita yakiwa kitu kimoja na shina, na nadhani hilo tu linatosha kuhubiriwa Jumamosi nzima.

Mama Mdogo, saa 4:05 usiku
Amina.

Babu, saa 4:22 usiku
Wanangu, nimesoma yote. Nebukadreza, mfalme wa Babeli, alivichukua vyombo vya nyumba ya Bwana kule Yerusalemu, na Belshaza aliyetawala Babeli baadaye akavinywea mvinyo pamoja na wakuu wake, lakini havikuacha kuwa vya Bwana. Koreshi, mfalme wa Uajemi, hakuwa Mwisraeli, na bado alivitoa kwa hesabu kwa mkono wa Mithredathi mtunza hazina, na Ezra ameandika mpaka visu 29, vyombo vyote pamoja vikiwa 5,400. Somo na lianzie hapo. Nitakuwepo.

IJUMAA

Yoeli, saa 1:20 asubuhi
Shikamoo Babu. Visu 29 vingetosha pilau ya ukoo huu.

Dada Tumaini, saa 1:25 asubuhi
Yoeli, tafadhali. Babu, tumepokea. Je, birika na kinara vibaki, au tuviahirishe mpaka mwezi ujao?

Baba Mdogo, saa 3:48 asubuhi
Nitafika Jumamosi, ingawa nitachelewa kidogo.

Shangazi, saa 3:49 asubuhi
Njoo na gari, usije na pikipiki.

Dada Tumaini, saa 6:10 mchana
Mama Mdogo, ile amina ilikuwa ya kukubali kinara, au ya kumuunga mkono Neema?

Mama Mdogo, saa 11:55 jioni
Acha kwanza nisome Zekaria 4, kwenye kile kinara chenye mizeituni miwili kando yake, kisha nitakujibu.